Saa ya Udongo ya Mjomba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya arobaini ya mjomba, wazee wa ukoo walinikalisha kwenye mkeka mbele ya nyumba yake bondeni, chini kidogo ya Lulindi, wakanikabidhi mali yake. Kwetu mali ya mwanamume haiendi kwa wanawe, inakwenda kwa mtoto wa dada yake, na mtoto huyo ndiye mimi. Nilipewa jembe lenye mpini mpya, koti la suti lililotobolewa na wadudu, redio isiyo na kifuniko cha betri, na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye khanga ya kijani na kufungwa kwa kamba sehemu tatu.

Nilifungua kamba. Ndani mlikuwa na bomba la plastiki angavu, refu kama mkono wa mtu mzima. Chini lilikuwa na ncha ya kigae cheupe, juu kizibo cha kukaza, na ubavuni kisahani cha chuma chenye kioo, namba na mshale.

"Hiyo ndiyo saa ya udongo," alisema mzee aliyesimamia shughuli, kwa sauti ya kusoma somo kanisani. "Marehemu aliitunza mpaka mwisho."

Nilizungusha kizibo. Ikatoka harufu ya maji yaliyolala, ya ukungu wa kijani na mpira uliochakaa, nikakunja uso, na watu wakadhani ninalia. Kina mama wawili wakaanza kunisaidia kulia. Mama yangu, aliyekaa karibu na mlango macho yakiwa mekundu, alinitazama mara moja, kisha akaangalia miguu yake. Sikuwa ninalia. Kilichonijia ni dharau, ile ile niliyoishika nikiwa na miaka tisa, isipokuwa sasa nilikuwa na maneno ya kuieleza.

Nyumbani kwetu ni Newala mjini, juu kabisa, mahali ambapo mtu anaweza kusimama nyuma ya nyumba akaona bonde la Ruvuma lote na asiwe na maji ya kunawa uso. Yeyote aliyekulia kule anajua utaratibu wake. Maji ya kuoshea mboga ndiyo yanayooshea vyombo, ya vyombo yanamwagiwa mgomba, na mtoto anayecheza na kata anapigwa kuliko aliyeiba sukari. Baba, ambaye alikuwa fundi mwashi, alichimba tangi kubwa ardhini nyuma ya jiko na kulisakafia saruji hadi likawa laini kama bakuli. Lilikuwa la kuvunia mvua. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya makuti na nyasi, na maji yanayopita kwenye nyasi yanafika chini yakiwa na rangi ya chai na vijidudu ndani. Tangi lilihitaji bati upande mmoja wa nyumba, na mfereji wa kupeleka maji. Baba alisema saruji imemmaliza, bati atafute mama. Basi tangi likakaa wazi na tupu, na sisi watoto tukawa tunashuka mle kwa ngazi kucheza, tukisikiliza sauti zetu zikirudi.

Mama alikuwa na njia moja ya kupata bati. Kila kiangazi alishuka kwenye ardhi ya ukoo wake bondeni, akalima nyanya. Mwaka ninaoukumbuka alinihamishia shule ya kule ili nimsaidie, akaniambia mpango wote tukiwa njiani, kana kwamba mimi ni mtu mzima: nyanya zichumwe kabla ya mvua, bati lipande juu kabla ya mvua, mvua ya kwanza ioshe bati, ya pili ijaze tangi. Hakukuwa na nafasi ya kukosea, na mama hakuwa mtu wa kukosea.

Mwaka huo huo ukaja mradi. Alikuja bwana mmoja aliyevaa mabuti ya mpira mapya katika kiangazi ambacho hata matope hayakuwepo, akawakusanya wakulima wa bonde lile na kuwaonyesha bomba lenye kisahani. Maelezo yake, ninavyoyapima leo baada ya kujisomea mwenyewe kwa miaka mingi, hayakuwa na kosa. Alisema bomba linajazwa maji, linafungwa kabisa, kisha linazikwa usawa wa mizizi. Udongo ukikauka unayavuta maji kupitia kile kigae, na mvuto huo unapandisha mshale. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, mwagilieni. Kabla ya hapo acheni, maana kisima chenu cha bondeni kinakauka kwa sababu kila mtu anamwagilia anapojisikia. Na maji ya ndani ya bomba yasiachwe yapungue sana. Alisema haya yote, akauliza kama kuna swali, hakukuwa na swali, akaenda kula.

Swali lilikuwepo moja tu na halikuulizwa: bomba lizikwe wapi? Halikuulizwa kwa sababu jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima hao, na kabla ya uenyekiti alikuwa mkubwa wa ukoo, na shamba lake lilikuwa chini kabisa kando ya mfereji, kwenye udongo mweusi unaoshikana kama ugali. Mwezi mzima bila maji ule udongo ulikuwa bado unaacha alama ya unyayo. Shamba la mama lilikuwa juu kwenye mteremko, mchanga mwekundu mtupu. Ukimwaga maji pale unasikia yanavyokimbia.

Ili msomaji aelewe upumbavu uliofuata, lazima nieleze desturi moja. Kwetu mahindi mabichi yakikomaa, hakuna anayechoma hata hindi moja kabla mkubwa wa ukoo hajaonja. Analetewa hindi lake, analing'ata mbele ya watu, anatafuna taratibu, anasema "Kuleni," ndipo moshi unapoanza kwenye kila jiko. Si desturi mbaya. Inamfundisha mtoto kungoja. Lakini watu wale waliichukua wakaihamishia kwenye maji. Udongo wa mjomba ndio utakaoona kiu kwanza, na wengine tutafuata. Hakuna aliyeisema kwa maneno haya, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuipinga. Kikundi kiliandika tu sheria kwamba atakayechota maji kisimani kwa kumwagilia kabla ya tangazo la mwenyekiti, faini yake kuku mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa mjomba kila asubuhi kabla ya shule na kurudi na tangazo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Simama huko, usikitie kivuli."

Kisha nilitazama ibada yake. Alichukua birika la chai lililojaa maji safi, akazungusha kizibo, akamimina polepole mpaka bomba likafurika. Akakaza kizibo. Akapangusa kioo kwa leso, akachuchumaa, magoti yakilia, akavaa miwani, akasoma.

"Sifuri," alisema. "Nenda kawaambie udongo umeshiba."

Kila siku birika lilitangulia na miwani ikafuata, na kila siku ilikuwa sifuri. Nami nilipanda mteremko mbio kuwaambia watu wazima, akiwemo mama yangu, kwamba udongo umeshiba.

Watu walikiita kile kitu saa, kwa kuwa kilikuwa na uso wa saa. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba ni saa kweli. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na saa ya ukutani ambayo mshale wake ulizunguka na siku ikaisha, hivyo nilijua kazi ya mshale. Kama mshale wa bondeni hautoki kwenye sifuri, basi bondeni muda hauendi. Nilipotafuta ushahidi niliupata mwingi. Maua ya nyanya za mama yalibaki maua, mengine yakakauka yakiwa maua. Nyanya zilizotunga zilibaki na ukubwa wa gololi. Newala, niliwaza, rafiki zangu wanaendelea kukua na wameshafika darasa la tano, na mimi nipo hapa na miaka yangu tisa. Usiku mmoja nilimwambia mama jambo hilo.

"Mama, huku muda hauendi."

Alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, halafu akaninyooshea shuka miguuni.

Jirani yetu mteremkoni alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kitangari aliyeolewa bondeni, mwembamba, mwenye mdomo. Hakuwa wa ukoo wetu na hakukubali mtu amsahaulishe hilo. Siku moja nilipofika na tangazo langu alikuwa amesimama kati ya matuta, mikono kiunoni.

"Haya, mjumbe. Saa ya mjomba wako imesemaje?"

"Sifuri, mama."

"Sifuri! Mwaka mzima sifuri. Hata mimi shuleni sikupata sifuri nyingi hivyo, na nilikuwa sijui kitu." Akamgeukia mama. "Mama Hilari, angalia majani yako yalivyojikunja. Wewe unangoja nini?"

"Nangoja kaka aseme."

"Kaka yako analima nyanya au analima saa?"

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

"Mtoto ana macho." Akachukua keni yake ya kumwagilia. "Mimi nachota. Kuku ninao."

Akachota mchana kweupe, keni baada ya keni, akimwagilia shinani polepole huku akiimba. Jioni mjomba alituma mtu kuchukua kuku wa faini, na Mama Zuhura akamtoa mwenyewe, amefungwa miguu tayari. Baada ya siku kadhaa akachota tena, akatoa mwingine. Alimwambia mama kwamba kuku wale walikuwa wazee na hawatagi. Nyanya zake zilijaa zikawa nyekundu, mita chache kutoka kwetu, kwenye mchanga ule ule.

Mama hakuchota. Hapa ndipo nilipopata shida kubwa kumwelewa nikiwa mtoto, na sasa pia siwezi kusema nimemwelewa kikamilifu. Kuku alikuwa naye. Lakini faini ya Mama Zuhura ilikuwa kuku tu. Mama angechota, ingekuwa dada amemwambia kaka yake mbele ya bonde zima kwamba hajui. Ardhi ile alilima kwa jina la kaka. Sisi watoto wake tungeozeshwa na kuzikwa kwa neno la kaka. Alikaa, akazitazama nyanya, akangoja. Nilipomwendea baba Newala siku ya Jumapili na kumweleza, alisema bila kuacha kula, "Hayo ni ya ukoo wenu," akaongeza mchuzi.

Hata hivyo siku moja mama alinifuata asubuhi. Tulimkuta mjomba na birika lake. Mama alimsalimia, akasimama mbali kama nilivyofundishwa kusimama mimi, akaangalia tangu mwanzo: birika, kizibo, leso, miwani.

"Sifuri," alisema mjomba.

"Kaka," alisema mama. Alikuwa mpole sana. "Unakipa maji kwanza, ndipo unakisoma?"

"Mtaalamu alisema maji yasipungue."

"Nimesikia. Lakini hapo si umekishibisha wewe? Ungekisoma kwanza. Kabla ya birika."

Mjomba aliinuka. Ilichukua muda, kwa sababu ya magoti. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni, na mimi niliona usoni kwake kitu ambacho wakati ule nilidhani ni hasira. Leo najua alikuwa ameelewa. Alielewa pale pale, wala haikumchukua kupumua mara mbili. Na ndiyo sababu siwezi kumhesabia ujinga, maana mjinga nisingemdharau.

"Mama Hilari," alisema, "hiki chombo kilikabidhiwa kwako au kwangu?"

"Kwako, kaka."

"Bwana wa mradi anakuja wiki ijayo. Akute kimeharibika, tuseme nini? Tuseme dada yangu alinifundisha?"

"Sikufundishi. Nauliza tu. Zangu zinakufa."

"Zinakufa kwa sababu umepanda kwenye mchanga."

Yeye ndiye aliyempa ule mchanga. Mama hakulisema hilo. Alisema, "Haya, kaka, tumeshukuru," akanishika bega, tukapanda. Njiani alinisimamisha, akachota mchanga wa tuta letu kwa kiganja na kuukamua. Ulitiririka wote kati ya vidole kama unga mkavu, mkono ukabaki msafi. Akapangusa mkono kwenye khanga ingawa hakukuwa na cha kupangusa.

Wiki iliyofuata bwana wa mradi alikuja na mabuti yake. Alikuta bomba limejaa, kioo kinang'aa, mshale kwenye sifuri, kisima kina maji tele. Alifurahi mno. Alimpiga picha mjomba akiwa amechuchumaa kando ya kisahani, kisha akampa kofia na fulana. Hakuna aliyempeleka juu mteremkoni na yeye hakuomba kupelekwa. Jua lilikuwa kali. Mtu aliyesomea udongo alipima unyevu wa bonde zima kwa kutazama kioo kimoja kilichomwagiwa maji saa moja iliyopita, akaandika kwamba mambo ni mazuri. Alipoondoka, mjomba alivaa kofia, akatangaza kwamba sasa watu wamwagilie.

Tulimwagilia mpaka mikono ikafa ganzi. Mimi nilibeba ndoo ndogo, mama keni mbili. Udongo ulinukia vizuri, ile harufu ya mchanga wa moto unaopozwa, na kwa siku chache majani yakanyanyuka. Nikaamini muda umeanza kwenda tena. Kisha nyanya zilipoanza kuvimba, kila moja ikaanza kuoza kitako, doa jeusi lililolegea kama ngozi ya kidonda, kwa kuwa mmea uliokaa na kiu muda mrefu na kunyweshwa ghafla huzaa hivyo. Sokoni Masasi mama alizipanga kwa mafungu, vitako chini. Wanunuzi wakazigeuza vitako juu na kupita. Alirudi na nauli.

Mvua zilitukuta Newala. Nakumbuka ile ya kwanza kubwa vizuri kuliko sikukuu yoyote. Ilianza mchana, nyasi za paa zikanuka moshi wa zamani, na maji yakashuka ukutani ya rangi ya chai, yakapita mlangoni, yakapita kando ya tangi la baba na kuteremka bondeni, bahari nzima ikirudi kwa mjomba ambaye hakuihitaji. Mama alitoa nje sufuria, beseni, sinia, hata vikombe, akavipanga uani, akasimama mlangoni akitazama vinavyojaa na kufurika. Mwaka uliofuata mimi na dada yangu tulichota maji ya kununua kwa kichwa, kama kawaida.

Mjomba alivaa kofia ile mpaka jina la mradi likafutika. Mradi wenyewe haukurudi. Alibaki mwenyekiti wa kikundi kisichokuwa na wanachama, na kila msiba na kila harusi aliketi mbele, akihadithia wageni kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza bondeni kupima udongo. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mama naye alitikisa.

Leo mimi ni mkulima wa nyanya na vitunguu kwenye mteremko ule ule wa mchanga, kwa pampu na mabomba ya matone. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Nimezika vipimo vya aina ile sehemu mbili, kimoja kwenye mchanga na kimoja chini kwenye udongo mweusi, na najua kwamba ile alama nyekundu ya bwana wa mradi ilifaa udongo mweusi, ila kwenye mchanga mshale ukifika nusu ya pale umeshachelewa. Najua pia kwamba kila unapofungua kizibo mvuto wote unakufa, mshale unaanguka sifuri, na unatakiwa kungoja mpaka kesho ndipo uamini kinachosomwa. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi inayokuja na kipimo. Mtu kama mjomba, aliyejua kusoma Biblia kwa sauti kanisani, angeweza kuyasoma.

Basi baada ya arobaini nilikipeleka kile kitu nyumbani na kukipima. Nilisugua ukungu, nikabadilisha mpira wa kizibo, nikakiloweka kwenye ndoo usiku kucha, nikakizika kwenye tuta la mchanga lisilo na kitu na kukiacha peke yake. Nilidhani kimekufa, na sehemu yangu moja ilitaka kiwe kimekufa, ili iwepo sababu nyingine ya yale yaliyotupata. Kesho yake mchana mshale ulikuwa umeanza kupanda. Kesho kutwa ulivuka alama nyekundu bila kusita. Kilikuwa kizima. Kilikuwa kizima miaka yote ile, kwenye khanga ya kijani, kikiwa tayari kumwambia ukweli mtu yeyote ambaye angekubali kukisoma kabla ya kukinywesha.

Wazee walitaka nirithi na jina. Nilikataa, na watu wanasema nina kiburi. Mama hakunilaumu wala hakunisifu. Siku zote za msiba alimlilia kaka yake kama dada anavyotakiwa kulia, na mbele ya wageni alisema alikuwa mtu mwenye maarifa. Nilianza kuamini kwamba amesahau. Amezeeka sasa, na kule Newala nyumba yake ina bati pande zote, nililoliezeka mimi mwenyewe.

Juzi nilimkuta uani anachambua kunde, nikakaa kando yake. Nilimwambia nimekipima kile kitu na kwamba ni kizima. Akaendelea kuchambua. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza, bati na mfereji vya mwaka ule vilikuwa vya shilingi ngapi.

Hakuinua kichwa, wala mikono yake haikusimama.

"Elfu arobaini na moja," alisema mama, "na mia tano."